Maji Yaliyofungwa Ndani ya Mawe

Maji yaliyomo ndani kabisa ya Dunia hayako katika ziwa, mto wala pango. Yamo ndani ya mawe yenyewe, yamefungwa katika fuwele za madini, na mawe hayo ni makavu kwa kila namna mkono unavyoweza kuyapima. Jiwe la aina hiyo likivunjwa halitoi hata tone. Likipashwa moto wa kutosha, hutoa mvuke.

Wafinyanzi wanaifahamu hali hii tangu zamani. Chungu kilichoanikwa juani hadi kikakauka kabisa bado kina maji, na kikitumbukizwa kwenye ndoo kabla ya kuchomwa hulainika na kurudi kuwa tope. Ndani ya udongo ule atomi za haidrojeni zimeshikamana na atomi za oksijeni katika muundo wa madini yake. Katika kaolini safi, udongo mweupe kama unaopatikana kwenye vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam, maji ya namna hiyo ni karibu asilimia 14 ya uzito. Moto ukifika nyuzi 500 hivi, haidrojeni hutoka na sehemu ya oksijeni kama mvuke, na udongo hugeuka kitu kingine: chungu kinacholia kikigongwa, kisichorudi tena kuwa tope hata kikae mtoni mwaka mzima. Jasi nayo ina maji kwa sehemu moja ya tano ya uzito wake. Ikichomwa taratibu hupoteza sehemu kubwa ya maji hayo, na ndiyo sababu hogo linalofungwa kwenye mguu uliovunjika hugumu muda mfupi baada ya unga wake kulowekwa: unga unayachukua tena maji uliyonyang'anywa na moto.

Kaolini na jasi ni madini ya juu, yaliyozaliwa penye mvua na mabwawa. Iliwachukua wataalamu zaidi ya karne tatu kutambua kwamba jambo la aina moja na hilo linatendeka kilomita mia nne, mia tano na mia sita chini ya ardhi, katika mawe yenye joto la nyuzi zaidi ya 1,400, mahali ambapo kwa muda mrefu ilidhaniwa hapawezi kubaki hata dalili ya unyevu.

Wazo la maji ya chini ni la kale kuliko sayansi yenyewe. Mwaka 1665 Athanasius Kircher, padre Mjesuiti mzaliwa wa Ujerumani aliyefundisha Roma, alichapisha kitabu kikubwa kiitwacho Mundus Subterraneus. Alikuwa mtu wa kwenda kuona kwa macho yake. Mwaka 1638 aliwahi kushuka ndani ya kreta ya volkano ya Vesuvius. Michoro ya kitabu chake inaonyesha Dunia iliyojaa matangi makubwa ya maji na mengine ya moto, yote yakiunganishwa na mishipa. Maji ya bahari, kwa maelezo yake, yalizama kupitia mashimo ya sakafu ya bahari, yakapita chini kwa chini, kisha yakachomoza milimani kuwa chemchemi na mito.

Picha hiyo ilianza kuporomoka muda si mrefu. Mwaka 1674 Mfaransa Pierre Perrault alichapisha hesabu zake juu ya eneo la chanzo cha mto Seine. Alipima mvua inayonyesha hapo, akakadiria maji yanayopita mtoni, akaona kwamba mvua peke yake inatoa takriban mara sita ya maji yote ya mto. Kumbe mito haikuhitaji bahari ya chini ili itiririke. Tangu hapo bahari ya ndani ya Dunia ilibaki zaidi katika hadithi. Mwandishi Jules Verne alivusha chelezo juu yake katika riwaya yake ya mwaka 1864.

Aliyelirudisha suala hili kwa sura mpya ni Eduard Suess, mwanajiolojia wa Vienna. Mwaka 1902, akizungumzia chemchemi za moto za Karlsbad, mji ambao leo unaitwa Karlovy Vary nchini Ucheki, alitofautisha maji ya aina mbili. Yapo yanayozunguka kati ya mawingu, ardhi na bahari, na yapo aliyoyaita machanga: maji yanayotoka tumboni mwa Dunia pamoja na moto wa volkano na kuliona jua kwa mara ya kwanza. Si kila chemchemi aliyoitolea mfano ilikuwa na maji ya aina hiyo, lakini msingi wa wazo lake ulidumu. Mwaka 1951 Mmarekani William Rubey aliutilia nguvu kwa hesabu. Alilinganisha vitu vilivyomo baharini, hewani na katika mawe ya mashapo na vile vinavyoweza kuletwa na kumomonyoka kwa mawe ya kawaida. Maji, kaboni na klorini vilizidi mno. Akahitimisha kwamba bahari zilitoka ndani ya Dunia kidogo kidogo, kwa mvuke wa volkano na chemchemi, katika muda mrefu wa historia yake. Ikiwa maji yalitoka ndani, basi huko ndani yaliwahi kuwa na makazi. Hakuna aliyejua makazi hayo ni madini gani.

Jibu lilianza kupatikana kwa njia ya matetemeko ya ardhi. Mawimbi ya tetemeko hupenya ndani ya Dunia na kupinda kulingana na ugumu wa mawe yanamopita, na muda yanaochukua kufika kwenye kituo cha kupimia unaeleza yalikopitia. Mwaka 1926 Perry Byerly wa California, akichunguza tetemeko lililotokea Montana mwaka uliotangulia, aliona kwamba kwenye umbali wa nyuzi 20 hivi za mzingo wa Dunia mwendo wa mawimbi hubadilika ghafla. Kulikuwa na kitu kilomita mia kadhaa chini kinachoyaharakisha. Miaka kumi baadaye, mwaka 1936, mwanafizikia J. D. Bernal alitoa pendekezo mjini London: huenda huko chini jiwe halibadiliki kuwa jiwe lingine kwa viambato, bali atomi zilezile hujipanga upya kwa kubanana zaidi.

Jiwe lililozungumziwa ni olivini. Haya ni madini ya kijani yanayojenga sehemu kubwa ya koti la Dunia, yaani tabaka nene lililoko kati ya ganda la juu na kiini. Volkano hupandisha vipande vyake hadi juu. Huko Hawaii uko ufuo wenye mchanga wa kijani kwa sababu mawimbi yameosha kila kitu kingine na kuiacha olivini. Viambato vyake ni vya kawaida kabisa: magnesiamu, chuma, silikoni na oksijeni. Haidrojeni haimo katika fomula yake, na ndiyo maana vitabu viliiweka katika orodha ya madini makavu.

Mwaka 1952 Francis Birch wa chuo kikuu cha Harvard alionyesha kwamba tabia ya mawimbi kati ya kina cha kilomita mia kadhaa na elfu moja haielezeki kwa jiwe moja kubanwa tu. Ilibidi madini yawe yanageuka. Kazi ya kuthibitisha hilo kwa mikono ikaangukia wachache, na wa mbele kati yao alikuwa Alfred Edward Ringwood, Mwaustralia aliyefanya kazi Canberra na ambaye wenzake walimwita Ted. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliigeuza olivini ya chuma kuwa umbo jipya lililobanana zaidi. Katika muongo uliofuata, yeye na Alan Major walisogea hadi olivini ya magnesiamu, ile inayofanana hasa na jiwe la koti. Wajapani nao walikuwa katika mbio hizohizo, na katika miaka hiyo wataalamu wa matetemeko walikuwa wakipima kwa usahihi zaidi mipaka miwili: mmoja kilomita 410 chini, mwingine kilomita 660.

Hatimaye hesabu za maabara na za matetemeko zilikutana. Kwenye kina cha kilomita 410, mgandamizo unapofika kama mara 140,000 ya ule wa hewa ya usawa wa bahari, olivini hujipanga upya na kuwa wadsliaiti. Kwenye kilomita 520 hivi, wadsliaiti hugeuka kuwa ringwudaiti. Kwenye kilomita 660, mgandamizo ukiwa zaidi ya mara 230,000, ringwudaiti nayo huvunjika na kuwa madini mawili tofauti, makubwa kati yao yakiwa brijimanaiti. Eneo lililo kati ya mipaka hiyo miwili, unene wa kilomita 250, likaitwa ukanda wa mpito.

Majina hayo yana historia yake, na historia hiyo inatoka angani. Kwa kawaida madini mapya hayapewi jina rasmi mpaka yapatikane katika maumbile, nje ya maabara, na hapakuwa na mtu aliyeweza kushuka kilomita 500 kuyachukua. Vimondo vilisaidia. Vimondo vinapogongana angani, kwa muda mfupi mno hutokea mgandamizo mkubwa kama ule wa koti la Dunia, na olivini iliyomo hugeuka. Mwaka 1879 kimondo kilianguka Tenham, magharibi mwa Queensland, Australia. Miaka 90 baadaye, mwaka 1969, ndani ya mishipa yake myembamba myeusi ilipatikana ringwudaiti, ikapewa jina la Ringwood. Wadsliaiti ilipatikana katika kimondo kilichoanguka Peace River nchini Kanada mwaka 1963. Ilitangazwa mwaka 1983 na kupewa jina la David Wadsley, Mwaustralia mtaalamu wa fuwele. Brijimanaiti ilisubiri hadi 2014, nayo ikatoka katika kimondo kilekile cha Tenham. Jina lake linamkumbuka Percy Bridgman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1946 kwa kazi ya kubana vitu kwa nguvu kubwa.

Mpaka hapo yote yalihusu umbo la fuwele, na maji hayakutajwa sana. Mwaka 1987 Joseph Smyth wa chuo kikuu cha Colorado aliitazama ramani ya atomi za wadsliaiti akaona jambo ambalo wengine walilipita. Katika fuwele hiyo ipo oksijeni moja isiyoshikwa na silikoni yoyote. Imezungukwa na magnesiamu peke yake, na umeme wake hautoshelezwi. Oksijeni ya namna hiyo huwa na njaa ya haidrojeni. Smyth akaandika kwamba wadsliaiti huenda ndiyo ghala la maji katika koti la Dunia. Alisema hivyo kwa kusoma mpangilio wa atomi tu, bila tone moja la maji kupimwa, na hoja yake ni miongoni mwa hoja nzuri kabisa katika elimu ya madini.

Maji hayo huingia kwa namna ya pekee. Molekuli nzima ya maji haikai ndani ya fuwele kama mdudu katika kaharabu. Mahali panapotakiwa kuwa na atomi moja ya magnesiamu hubaki wazi, na atomi mbili za haidrojeni huchukua nafasi yake, kila moja ikijibandika kwenye oksijeni ya jirani. Oksijeni ni ya jiwe, haidrojeni ni ngeni. Zikishikana huitwa haidroksili, na jiwe likiyeyuka au kuvunjika, haidroksili hizo hutoka zikiwa maji. Ndiyo sababu wanajiolojia hupima maji ya madini haya kwa asilimia ya uzito ingawa hakuna maji yanayoonekana. Kipimo chenyewe hufanywa kwa miale ya infraredi: haidroksili hunyonya miale ya urefu fulani, na kinachokosekana upande wa pili hueleza ziko ngapi.

Kwa njia hiyo, mwaka 1992 David Bell na George Rossman wa California walionyesha kwamba hata madini ya koti la juu yaliyoitwa makavu, yaliyopandishwa na volkano, karibu yote yana chembe za haidrojeni. Kiasi chake ni kidogo, sehemu chache katika kila elfu kumi au pungufu ya hapo. Lakini koti ni kubwa mno, na kidogo kikizidishwa kwa ukubwa huo huwa kingi.

Jaribio lililotoa uzito kamili lilifanywa Bayreuth, Ujerumani, katika taasisi yenye mashine za kubana ambazo ni wachache wanaozimiliki. Ndani ya mashine ya aina hiyo hupangwa vipande vinane vya mchemraba vilivyotengenezwa kwa kabaidi ya tungsteni, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha pua. Kila kimoja hukatwa pembe. Pembe hizo zikikutana katikati huacha tundu dogo, na humo huwekwa kijidumu cha dhahabu au platini chenye unga wa madini na maji kidogo. Jeki kubwa hukandamiza kwa nguvu ya mamia au maelfu ya tani, na mkondo wa umeme hupasha joto. Baada ya saa kadhaa umeme hukatwa, mgandamizo hushushwa taratibu, na kijidumu hufunguliwa chini ya darubini. Humo huwa na punje ndogo kuliko ya mchanga. Ringwudaiti yenye maji mara nyingi huwa na rangi ya buluu ya kuvutia, ilhali olivini iliyoizaa ni ya kijani.

Mwaka 1996 David Kohlstedt, Hans Keppler na David Rubie walichapisha vipimo vyao. Wadsliaiti iliweza kubeba maji hadi asilimia 2.4 ya uzito wake, na ringwudaiti hadi asilimia 2.7. Olivini, hata katika mgandamizo mkubwa, ilibaki na sehemu ndogo tu ya asilimia moja. Tofauti hiyo ina uzito wa pekee. Juu ya ukanda wa mpito yapo madini yasiyobeba maji mengi. Chini yake ipo brijimanaiti, ambayo nayo hubeba kidogo sana. Katikati yapo madini mawili yenye uwezo mkubwa wa kuyahifadhi. Ikiwa asilimia moja tu ya uzito wa ukanda ule ingekuwa maji, yangekuwa karibu mara tatu ya maji ya bahari zote. Ringwood alifariki mwaka 1993. Matokeo hayo hakuyaona.

Hata hivyo, uwezo wa ghala si ushahidi kwamba ghala limejaa. Ilibakia kueleza maji yanafikaje huko, na kupata hata punje moja kutoka kwenye kina chenyewe.

Njia ya kushuka ilikuwa imeshajulikana tangu nadharia ya mabamba ya Dunia ilipokubaliwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Sakafu ya bahari huzaliwa kwenye safu za milima ya chini ya maji, husogea kwa mamilioni ya miaka, kisha huzama chini ya bamba jingine kwenye mifereji mirefu ya bahari. Inapokunjika ili izame, hupasuka, na maji ya bahari hupenya kwenye nyufa na kuigeuza olivini kuwa serpentini, jiwe laini la kijani lenye maji kama asilimia 13. Sehemu kubwa ya maji hayo hukamuliwa mapema. Bamba linapofika kina cha kilomita 100 hivi, joto huyatoa. Yakipanda kwenye jiwe la juu yake hushusha kiwango cha joto cha kuyeyuka kwa mamia ya nyuzi, na jiwe lisilokuwa na sababu ya kuyeyuka huyeyuka. Volkano zinazozunguka bahari ya Pasifiki, kutoka Chile hadi Japani na Indonesia, hulishwa kwa njia hiyo. Lakini katika mabamba ya kale yaliyopoa, sehemu ya maji huvuka mtego huo na kuendelea kushuka. Mwaka 2018 Chen Cai, Douglas Wiens na wenzao, wakitumia vipimo vya matetemeko vilivyowekwa kwenye sakafu ya bahari karibu na mfereji wa Mariana, walieleza kwamba maji yanayoingia humo ni mengi mno kuliko ilivyodhaniwa. Wakakadiria kwamba kwa mifereji yote duniani huenda ni mara tatu ya hesabu za awali.

Kuhusu punje, ilipatikana kwa wachimbaji wadogo.

Juína ni eneo la jimbo la Mato Grosso, magharibi mwa Brazil, ambako almasi huchekechwa kutoka kwenye changarawe ya mito. Mwaka 2008 wachimbaji wa huko walitoa almasi moja ya kahawia, yenye mwonekano mchafu, upana wa milimita tatu na uzito wa gramu 0.09. Haikufaa pete wala mkufu. Watafiti waliinunua kwa dola 20 hivi, wakiwa katika kutafuta madini ya aina nyingine kabisa. Kundi hilo liliongozwa na Graham Pearson, ambaye baadaye alikuwa chuo kikuu cha Alberta nchini Kanada. Mwaka 2009 mwanafunzi wake wa shahada ya juu, John McNeill, akiikagua almasi ile, aliona ndani yake punje isiyofika upana wa unywele.

Almasi nyingi huzaliwa kwenye kina cha kilomita 150 hadi 200 na kupandishwa na mabomba ya kimberlaiti, yaani njia za volkano za kale kama lile bomba kubwa la Mwadui mkoani Shinyanga. Chache hutoka chini zaidi, na Juína ni mahali maarufu kwa hizo. Ubora wa almasi katika kazi hii hautokani na mng'ao. Ni kontena lisilobonyea. Ringwudaiti ikiletwa juu bila kinga hurudi kuwa olivini. Ikiwa ndani ya almasi, kuta za almasi huendelea kuibana hata baada ya safari ya mamia ya kilomita. Miaka kadhaa ilipita katika kuipima punje ile kwa miale ya leza, eksirei na infraredi. Mwezi Machi 2014 matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature: ilikuwa ringwudaiti, ya kwanza kupatikana kutoka ndani ya Dunia, na ilikuwa na maji karibu asilimia 1.5 ya uzito wake. Kwa kipimo cha jikoni, kilo moja ya jiwe la namna hiyo ina maji ya kijiko kimoja kikubwa cha chakula. Miaka 27 ilikuwa imepita tangu Smyth aandike hoja yake.

Miezi mitatu baadaye, Brandon Schmandt na Steven Jacobsen na wenzao walitoa ushahidi wa aina nyingine. Schmandt alichambua mawimbi ya matetemeko yaliyopokewa na vituo zaidi ya 2,000 vilivyotandazwa Marekani, akaona dalili za jiwe lililoyeyuka kidogo chini tu ya mpaka wa kilomita 660, mahali ambapo mkondo wa koti unashuka. Jacobsen aliibana ringwudaiti yenye maji katika maabara mpaka ikavuka mgandamizo wa mpaka huo, akaona uowevu ukijitokeza kati ya chembe za madini. Maelezo yanaafikiana: jiwe lenye maji likishushwa kwenye eneo la brijimanaiti hulazimika kuyaachia, kama kitambaa kinavyokamuliwa, na maji hayo huyeyusha kiasi kidogo cha jiwe.

Magazeti mengi ya mwaka ule yaliandika kwamba bahari imegunduliwa chini ya ardhi. Maneno hayo yaliwapotosha wasomaji, maana yaliwarudisha kwenye matangi ya Kircher. Hakuna samaki anayeweza kuogelea huko wala kisima kitakachoyafikia maji hayo. Ni haidrojeni iliyotawanyika katika jiwe gumu lenye joto la kuyeyusha shaba.

Wala ubishi haukuisha. Punje moja inaeleza mahali pamoja ilipozaliwa, na huenda mahali hapo palikuwa na unyevu kuliko kwingine. Njia ya kupima eneo kubwa ni umeme, kwa kuwa jiwe lenye haidrojeni hupitisha umeme kwa urahisi zaidi. Mwaka 2005 Shun-ichiro Karato na wenzake, kwa njia hiyo, walipata asilimia 0.1 hadi 0.2 katika ukanda wa mpito chini ya Pasifiki. Mwaka 2008 Takashi Yoshino na wenzake, kwa vipimo vyao vya madini yaleyale, walisema vipimo vya umeme vinaweza kuelezwa hata kama ukanda ni mkavu. Uamuzi wa haki ni kwamba unyevu hautofautiani kwa kina tu, bali pia kwa mahali: palipozama bamba la kale pana maji zaidi ya pasipozama.

Almasi zimeendelea kutoa ushahidi. Mwaka 2018 Oliver Tschauner na wenzake walitangaza kwamba ndani ya almasi kadhaa, zikiwamo za kusini mwa Afrika na China, wamepata barafu ya aina ya saba, ambayo hutokea tu maji yakibanwa sana. Maji hayo yalinaswa yakiwa kimiminika ndani ya almasi kilindini, yakaganda almasi ilipopanda na kupoa huku mgandamizo ukibaki ndani. Mwaka 2022 Tingting Gu na wenzake walieleza almasi ya mgodi wa Karowe nchini Botswana yenye ringwudaiti pamoja na madini yanayotokea inapovunjika. Almasi hiyo ilizaliwa mpakani kabisa, kwenye kilomita 660, nayo ilionyesha mazingira yenye maji. Sasa ringwudaiti ya ndani ya Dunia imetoka katika mabara mawili.

Maji yenyewe yalifikaje kwenye Dunia mwanzoni? Kwa muda mrefu wengi waliamini kwamba Dunia iliumbika kavu, kisha vimondo vyenye unyevu vikaleta maji baadaye. Mwaka 2020 Lydia Piani na wenzake, wakifanya kazi mjini Nancy, Ufaransa, walipima vimondo vinavyofanana zaidi na vitu vilivyoijenga Dunia, ambavyo vilihesabiwa kuwa vikavu. Walikuta haidrojeni ya kutosha kuipa Dunia angalau mara tatu ya maji ya bahari zake. Kwa hiyo sehemu ya maji ya ukanda wa mpito huenda haijawahi kuwa mvua wala bahari, na nyingine imeshushwa na mabamba kutoka sakafu ya bahari za zamani.

Shimo refu kuliko yote yaliyochimbwa kwenda chini ni lile la rasi ya Kola, kaskazini-magharibi mwa Urusi. Kazi ilianza mwaka 1970, na mwaka 1989 lilifika mita 12,262. Mdomo wake, usiozidi upana wa sahani, umefunikwa kwa kifuniko cha chuma kilichokazwa kwa bolti. Ukanda wa mpito unaanzia kwenye kina cha zaidi ya mara 33 ya shimo hilo.